Jina Moja, Magonjwa Mawili

Jina la ugonjwa huweza kufichua, na huweza kuficha. Chukua neno mba. Kwa Kiswahili linabeba magamba meupe ya kichwani, na pia mabaka yanayotawanyika kifuani na mgongoni wakati wa joto. Sayansi ilihitaji zaidi ya miaka mia moja kukubali kwamba mambo hayo mawili ni ndugu.

Mwaka 1846 daktari Mjerumani, Eichstedt, alichunguza magamba ya mabaka hayo kwa hadubini, akakuta fangasi. Mwaka 1874 Mfaransa Louis-Charles Malassez aliona kwenye magamba ya kichwani chembe ndogo zilizofanana na hamira. Mwaka 1889 fangasi wa mabaka alipewa jina Malassezia kwa heshima yake, lakini mwaka 1904 Raymond Sabouraud akamwita yule wa kichwani Pityrosporum. Kwenye mabaka fangasi huyu huota nyuzi, kichwani huonekana kama chembe tu. Basi wataalamu wakadhani ni jamii mbili.

Tena alikuwa mgumu kuoteshwa maabara. Mwaka 1939 Rhoda Benham, mtafiti wa New York, alionyesha kinachomkosesha raha: anataka mafuta. Hawezi kujitengenezea asidi za mafuta, hivyo hutegemea zile za ngozi yetu. Anaishi juu ya karibu kila mtu mzima bila kuleta ugomvi, na hustawi tunapobalehe, tezi zinapoanza kumwaga mafuta.

Ugomvi huanza anapozidi ndani ya vitundu vya nywele. Hapo ndipo neno letu jingine, chunusi, linapotuponza, maana kila kipele cha usoni tunakiita hivyo. Nikiwa sekondari nilipata vipele kwenye paji la uso na mgongoni, vyote vya ukubwa mmoja, vinavyowasha hadi usingizi unakatika. Kwenye zahanati moja niliandikiwa antibayotiki kwa wiki kadhaa. Vipele vikaongezeka, na mimi nikaacha kuvua shati mbele ya watu.

Maelezo yalikuwepo kabla sijazaliwa. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani walieleza vipele kama chunusi vilivyowatokea watu waliotumia antibayotiki. Mwaka 1973 madaktari wengine wakaripoti wagonjwa saba ambao vitundu vyao vya nywele vilikuwa vimejaa hamira hii, wakautambua kuwa ugonjwa unaojitegemea. Antibayotiki huua bakteria, humwacha fangasi, na kumpunguzia washindani. Dawa za fangasi, kama ketoconazole, ndizo humpunguza.

Chunusi halisi ina mambo yake: homoni, mafuta, vitundu vilivyoziba na bakteria Cutibacterium acnes. Ina vichwa vyeusi na vyeupe, vipele vyake hutofautiana ukubwa, na kwa kawaida haiwashi sana. Mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Kinachohitajika ni sampuli ndogo ya kipele, tone la kemikali na hadubini, kifaa kilekile alichotumia Malassez.

Mba lilikuwa neno pana, likapatia. Chunusi nalo ni neno pana, na upana wake unalipwa na nyuso za vijana. Anayekutibu asipouliza kama vinawasha, mwambie mwenyewe.