Viungo vya Cajun: namna ya kuvitengeneza nyumbani, na chumvi uipime mwenyewe

Cajun ni mchanganyiko wa viungo vikavu vilivyosagwa: pilipili, ai (kitunguu saumu), kitunguu, puavre na majani yenye harufu. Asili yake ni Louisiana, kusini mwa Marekani. Kwenye vikopo vingi vya dukani, chumvi ndiyo inaandikwa ya kwanza, maana yake ndiyo mingi kupita vyote. Ukitengeneza mwenyewe, unajua umetia nini.

Cajun ni watu gani?

Ni wazao wa Wafaransa waliokuwa wanaishi Acadie, huko Kanada. Kuanzia 1755, Waingereza waliwafukuza katika mashamba yao. Kuanzia miaka ya 1764 na 1765, wengine wao walifika Louisiana, inchi ya joto na maji mengi. Walipika kwa vitu walivyovikuta fasi ile: samaki, mchele, pilipili. Walijifunza pia kwa wenyeji wa pale na kwa Waafrika waliopelekwa kule kama watumwa. Mboga yao mashuhuri, gumbo, jina lake linatoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Sisi pia tunasema gombo.

Mama wengi wa Cajun wa zamani walitumia tu chumvi, puavre na pilipili. Mchanganyiko wa unga mwingi ulijulikana sana kupitia mpishi Paul Prudhomme, aliyefungua restora yake New Orleans mwaka 1979. Alikuwa anapaka samaki siagi na viungo, kisha anamuweka kwenye sufuria ya chuma yenye moto mkali mpaka ngozi ya viungo inakuwa nyeusi.

Vinavyohitajika

Pima kwa kijiko kidogo cha chai:

- Unga wa puavroni nyekundu (paprika): vijiko 3
- Unga wa ai: vijiko 2
- Unga wa kitunguu: kijiko 1
- Puavre iliyosagwa: kijiko 1
- Timu kavu: kijiko 1
- Origano kavu: kijiko 1. Kama haiko sokoni, uiache
- Pilipili kali ya unga: nusu kijiko kwanza

Kwa nini nusu? Louisiana wanatumia pilipili ndefu nyembamba. Ile yetu ya duara inaweza kuwa kali mara nyingi zaidi. Kuongeza ni rahisi, kupunguza haiwezekani.

Kukausha: hapa ndipo kazi iko

Chagua pilipili na puavroni nzima, zisizo na doa wala sehemu iliyooza. Osha, pangusa, toa mbegu za puavroni. Kata vipande vyembamba sana, pamoja na ai na kitunguu. Tandaza kwenye sahani kubwa ama lungo safi, funika na kitambaa chepesi ju ya nzi na vumbi, weka kwenye jua. Usitandaze chini wala kando ya barabara. Mangaribi ingiza ndani, umande usirudishe maji.

Wakati wa mvua, maliza kwenye furu yenye joto dogo, ama juu ya mbabula ambayo makala yake yamebaki majivu ya moto, bila moshi.

Kipande kilichokauka kinavunjika. Kikipinda tu, bado kiko na maji. Usisage. Pilipili iliyokauka vibaya inashika ukungu, na aina fulani za ukungu zinatoa sumu inayoharibu maini. Moto wa kupika hauimalizi sumu hiyo. Ukiona ukungu, tupa yote, usichague.

Kusaga

Twanga kwenye kinu ama saga kwa mashini kavu, kila kimoja peke yake, kisha chekecha na uchanganye. Pilipili iwe ya mwisho. Fungua dirisha, funga pua na mdomo, watoto wakae mbali. Mikono unawa na mafuta kidogo kwanza, kisha sabuni, mbele ya kugusa macho.

Na chumvi?

Usiitie ndani ya chupa. Tia kwenye chungu, kila siku ya kupika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na ndani yake hesabu pia ile ya mkate, makayabo na kibe. Kwa mtu wa tansio, hii ndiyo faida kubwa ya kujitengenezea.

Matumizi na kuhifadhi

Kijiko kimoja cha chai kinatosha tilapia mmoja wa kadiri: paka, acha dakika 20, kisha kaanga. Kwa maharagi, tia wakati kitunguu kinaiva kwenye mafuta.

Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jikoni. Andika tarehe. Chukua na kijiko kikavu. Mbele ya miezi sita kupita, tumia yote. Harufu ikipungua, nguvu imepungua. Unga ukishikamana, maji yameingia: usiupikie watu.