Majeraha ya Miti na Waganga Wake

Mtu asafiriye kutoka Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Kimilili huuona Mlima Elgon mkono wake wa kushoto. Mlima huo una urefu wa mita 4,321, na katika misitu yake umo mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na wataalamu wa mimea huuita Prunus africana. Habari za mti huu zatuonyesha jinsi binadamu alivyochelewa kuyaelewa majeraha ya miti.

Tangu kale wenyeji wa sehemu nyingi za Afrika walibandua vipande vya gome la muiri, wakavichemsha, wakatibu homa na maumivu ya tumbo. Vipande vilikuwa vidogo, na mti uliendelea kuishi. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat aliandikisha haki ya kutengeneza kwa gome hilo dawa ya uvimbe wa tezi dume. Baadaye gome likawa bidhaa, likasafirishwa Ulaya kutoka Kenya, Kameruni na Madagaska. Wavunaji wenye haraka walibandua shina zima, na wengine waliukata mti kabisa. Hata mwaka 1995 biashara hiyo ikawekwa chini ya mkataba wa mataifa ulindao viumbe vilivyo hatarini.

Kwa nini mti uliobanduliwa pande zote hufa? Chini ya gome pana tabaka laini lipitishalo chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Maji hupanda kwa njia nyingine, ndani ya mbao. Kwa hiyo majani hubaki ya kijani kwa muda, na mpita njia hudhani mti ni mzima. Kumbe mizizi ina njaa, nayo ikifa, mti wote hufa.

Huko Marekani alikuwako mtu aliyejitoa kuwa mganga wa miti. Huyo ni John Davey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1846, akahamia Marekani mwaka 1873, na mwaka 1901 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Yeye na wafuasi wake walikwangua uozo katika mashimo ya miti, kisha wakayajaza saruji, kama daktari wa meno azibavyo jino. Wengine walipaka majeraha rangi au lami. Nia yao ilikuwa njema, lakini mti haukuwa kama walivyoufikiri.

Jambo hilo lilidhihirishwa na Alex Shigo, aliyejiunga na idara ya misitu ya Marekani mwaka 1959. Shigo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mota, akaitazama ndani. Aliona ya kwamba mti hauponi kama mwili wa mtu uponavyo. Ngozi yetu iliyokatwa hujengwa upya mahali pale pale, mbao haziwezi. Mti hujenga kuta ndani yake kulizunguka jeraha, hufungia uozo humo, kisha huendelea kukuza mbao mpya nje. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1977. Basi akwanguaye shimo mpaka kwenye mbao nzima huubomoa ukuta ule, na uozo hupata mlango.

Kwa hiyo mganga wa miti wa leo hutibu kwa kukata vizuri. Akitaka kuondoa tawi zito lililovunjika, tuseme la mgrevilea mpakani mwa shamba, kwanza hukata upande wa chini, mbali kidogo na shina, ili tawi liangukapo lisichane gome. Kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo. Mwisho huondoa kigutu kilichobaki, nje tu ya uvimbe ulio mahali tawi liunganapo na shina. Uvimbe huo hauguswi, maana ndimo ukuta unamojengwa. Wala hapaki kitu.

Muiri nao una kanuni yake. Katika Mlima Kameruni wavunaji walifundishwa kuchukua gome la robo mbili tu za shina, zinazoelekeana, na kuziacha robo mbili nyingine zipeleke chakula mizizini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mti hujenga ukuta wake wenyewe. Sisi twatakiwa tusiubomoe. Basi kijana wa Bungoma au wa Kitale aendaye kutafuta dawa msituni, panga mkononi, alizunguke shina kwanza, na aamue ni sehemu gani ya gome atakayoiacha.