Ushahidi Usioitwa: Akina Mama wa Kisii na Dhana ya Usonji

Mwezi wa Oktoba mwaka 1938 aliletwa Baltimore, Marekani, mbele ya tabibu Leo Kanner, mtoto wa miaka mitano aitwaye Donald Triplett, ambaye baba yake, mwanasheria wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi, alikuwa ametanguliza barua ya kurasa 33 kueleza jinsi mwanawe alivyopenda kuzungusha vitu kama pia, na jinsi alivyokuwa radhi kukaa peke yake pasipo kumjali aingiaye wala atokaye. Kwa maoni yangu barua ile ndiyo mwanzo hasa wa elimu ya usonji, kwani makala ya Kanner ya mwaka 1943, iliyokusanya habari za watoto 11, ilichota humo kwa wingi. Hans Asperger wa Vienna aliandika yake mwaka 1944. Na kabla yao wote, Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amekwisha kuchapisha kwa Kijerumani, mwaka 1926, habari za wavulana 6, asisikizwe na wengi.

Taksiri iliingia pale Kanner alipowaacha watoto akaanza kuwachunguza wazazi. Mwaka 1949 aliwashutumu kwa ubaridi, kana kwamba ndio uliozaa usonji, na Bruno Bettelheim wa Chicago akaikuza dhana hiyo hata katika kitabu chake cha mwaka 1967 lawama ikawaelemea akina mama.

Zama zizo hizo, katika vilima vya Kisii nchini Kenya, watafiti Robert na Barbara LeVine, waliokaa na Abagusii, wenyeji wa huko, tangu mwaka 1955 hadi 1957, walikuwa wakiandika habari za malezi ya namna nyingine kabisa. Robert akarudi katika miaka ya sabini pamoja na Sarah LeVine na matabibu wa watoto, miongoni mwao Suzanne Dixon na T. Berry Brazelton, Nyamira ikiwa ingali sehemu ya wilaya ya Kisii. Mama aliombwa amkabili mtoto wake mchanga na kuzungumza naye, huku watafiti wakipiga picha za video. Na mtoto alipochangamka mno, akitabasamu na kurusha mikono, mama aligeuza uso akatazama kando, hata mtoto akatulia. Akina mama wengine waliona ni upuuzi kusema na asiyejua maneno.

Hapana ubaridi hapo. Wajibu wa mama wa Kigusii ulikuwa kumlinda mtoto na kumtuliza, kumnyonyesha mara aliapo na kulala naye usiku, ilhali michezo aliachiwa omoreri, yaani dada au kaka ambebaye mgongoni. Fauka ya hayo, adabu ya chinsoni, itengayo kizazi cha mzazi na cha mwana, haipendi watu wakodoleane macho.

Watafiti hao hawakuja kutafuta usonji. Walakini madaftari yao yalibeba hoja nzito dhidi ya lawama ile, kwamba watoto waliolelewa bila gumzo jingi la mama wala kukabiliana naye sana macho kwa macho walikua, wakasema, wakachunga ng'ombe, wakaenda shule. Ushahidi huo haukuitwa na mtu. Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga dhana ile ya ubaridi wa wazazi mwaka 1964 kwa hoja nyingine, na mwaka 1969 Kanner akawaondolea wazazi hatia hadharani.

Naye Victor Lotter, aliyezuru nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo, aliandika mwaka 1978 kwamba alipata watoto 9 tu wenye usonji. Lakini aliwatafuta katika taasisi za mijini, na mtoto wa Ekerenyo, huko Nyamira, aliyebaki nyumbani kwa bibi yake angehesabiwaje?

Nawasihi basi walimu na wauguzi wa Kisii na Nyamira, watumiapo hojaji zilizotungwa ng'ambo, ambamo kutokabili macho huhesabiwa kuwa dalili, wamuulize kwanza bibi wa mtoto, mjukuu huyu anatofautianaje na wenzake wa umri wake, na jibu lake waliandike katika faili kama ushahidi.