Pauni Elfu Mbili, Pauni Milioni Moja

Mwaka 1925 Arsenal ilipotafuta meneja, tangazo lake la kazi liliwataka wanaotegemea ada kubwa za uhamisho kujenga timu wasijisumbue kuomba. Kazi akapewa Herbert Chapman. Miaka mitatu baadaye Chapman huyohuyo alimchukua David Jack kutoka Bolton kwa zaidi ya pauni 10,000, bei ambayo hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kununuliwa kwayo. Kombe la FA likaja mwaka 1930, ubingwa wa ligi mwaka 1931.

Je, ni ukubwa wa Chapman au wa mfuko wa Arsenal? Mashabiki wanabishana hivyo hadi leo kila dirisha la usajili linapofungwa: wanajumlisha matumizi ya kocha, wanahesabu makombe, kisha wanatoa hukumu. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, na anayeianika vizuri ni kocha Brian Clough.

Clough alifika Nottingham Forest Januari 1975 na kuikuta daraja la pili, ikisuasua. Msaidizi wake Peter Taylor, hodari wa kutambua vipaji, aliungana naye mwaka uliofuata. Forest ilipanda daraja mwaka 1977, na msimu mmoja tu baadaye ikawa bingwa wa Uingereza, pointi 7 mbele ya Liverpool. Wengi husimulia habari hii kama ushindi wa maskini. Si kweli. Mwaka 1977 kipa Peter Shilton alinunuliwa kutoka Stoke kwa takriban pauni 250,000, fedha nyingi mno kwa kipa wa zama zile. Februari 1979 Trevor Francis alitoka Birmingham akawa mchezaji wa kwanza wa Uingereza kuvuka pauni milioni moja.

Lakini tazama fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, Munich, Mei 1979. Kipindi cha kwanza kinakaribia kuisha. John Robertson anapokea mpira upande wa kushoto, anawapita mabeki wa Malmö, anapiga krosi inayomshinda kipa. Francis anatokea nguzo ya mbali na kufunga kwa kichwa. Forest 1, Malmö 0. Mfungaji aligharimu milioni. Mpigaji krosi hakumgharimu Clough hata senti: alimkuta klabuni, mchezaji mzito asiyetazamwa na mtu, akamjenga hadi akawa roho ya timu. Mwaka uliofuata, katika fainali ya kombe hilohilo mjini Madrid, Francis akiwa majeruhi, Robertson ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Hamburg. Mbele siku ile alisimama Garry Birtles, aliyetolewa Long Eaton United, timu ya ridhaa, kwa pauni 2,000. Miezi michache baadaye Manchester United ililipa pauni milioni 1.25 kumpata.

Hapo ndipo kazi ya kocha inapoonekana, na jumla ya matumizi haiwezi kuionyesha. Clough alijua wapi pa kumwaga fedha na wapi pa kufundisha.

Baadaye jicho hilo lilififia. Ian Wallace alisajiliwa mwaka 1980 kwa pauni milioni 1.25, Justin Fashanu mwaka 1981 kwa milioni moja. Fashanu alifunga mabao 3 tu ya ligi, na ni haki kusema kwamba Clough hakumtendea wema kijana yule. Taylor aliondoka mwaka 1982. Ubingwa haukurudi.

Anayempima Clough kwa fedha basi aweke yote kwenye mizani moja: Fashanu, Birtles, hata Roy Keane, aliyenunuliwa Ireland mwaka 1990 kwa pauni 47,000 na kuuzwa kwa pauni milioni 3.75 mwaka 1993, Forest iliposhuka daraja na Clough akastaafu. Hata mizani hiyo ikijaa makosa, Clough anabaki miongoni mwa makocha wakubwa kabisa wa Uingereza.