-VUJA: kitenzi, kiima chake, na hitilafu za giaboksi katika gari kuukuu

-vuja *kitenzi si elekezi* 1. (kwa chombo, paa, bomba) pitisha kiowevu mahali pasipostahili: *Mtungi unavuja.* 2. (kwa kiowevu) pita mahali pasipostahili: *Maji yanavuja.* 3. (kwa siri, mtihani) julikana kabla ya wakati wake. Minyambuliko: vujia, vujika, vujisha, vujishwa.

Kiima kina sura mbili

Methali husema: *Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.* Hapo kinachovuja ni chombo, si kilichomo. Hata hivyo, kitenzi hichohicho hukubali kilichomo kuwa kiima. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halisumbui, kwa kuwa ngeli huonyesha tofauti: *mtungi unavuja, maji yanavuja.*

Matatizo huanza tunapoingia gereji. Oili, giaboksi, rejeta, injini, sili na gasketi zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo, taarifa ya ukaguzi inayosema tu *inavuja* haimwambii msomaji kama kinachotajwa ni kiowevu, chombo au kizibo. Mnunuzi wa gari lenye umri wa miaka kumi na mitano huamua bei kwa maneno hayo, na fundi huamua afungue wapi. Mfasiri asidondoshe kiima katika sentensi za aina hii, hata kama matini chanzi imekidondosha.

Kinachovuja kitajwe kwa jina lake

Neno la Kiingereza linalotaja giaboksi hutumika pia kwa ugonjwa unaoambukizwa, matangazo yanayorushwa na umeme unaosafirishwa. Anayefasiri bila kutazama muktadha huishia kuandika *kiowevu cha maambukizi*, kirai kisicho na maana kwa dereva yeyote. Andika *oili ya giaboksi*. Ikibidi, *oili ya giaboksi ya otomatiki*.

*Mafuta* si kosa, lakini peke yake huleta hatari ya kueleweka vibaya, kwa kuwa wasomaji wengi watafikiria petroli au dizeli, na petroli inayovuja ni tishio la moto. *Haidroliki*, linalosikika kwa mafundi, nalo halitoshi bila kifafanuzi, kwani hutumika pia kwa oili ya usukani. *Kiowevu* na *kimiminika* ni istilahi za sayansi. Zifae pale tu ambapo aina yenyewe bado haijajulikana.

Inavuja kutoka wapi, kwenda wapi?

Kihusishi *kwenye* hakitofautishi chanzo na mwisho. *Oili inavuja kwenye rejeta* yaweza kumaanisha kwamba oili inatoka katika rejeta au inaingia humo. Kwa chanzo tumia *kutoka*. Kwa mwisho tumia kauli ya kutendea, *-vujia*, kama katika *paa linavujia kitandani*.

Umuhimu wa tofauti hii unaonekana katika magari ya Nissan Pathfinder ya miaka ya 2005 hadi 2010 yaliyouzwa Marekani. Rejeta yake ina kipoza-oili ndani: oili ya giaboksi hupita katika mfereji wake, na maji ya rejeta huuzunguka. Kipoza-oili hicho kikipata ufa, viowevu viwili huchanganyika bila tone hata moja kuonekana chini ya gari. Mchanganyiko huwa mzito, wenye rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi. Maji hayo hulegeza gundi inayoshika bitana za sahani za klachi ndani ya giaboksi ya otomatiki. Gia huteleza, gari hutetemeka, na mara nyingi giaboksi nzima huharibika. Kasoro hiyo ilifikishwa mahakamani, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya rejeta.

Sasa linganisha:

– *Rejeta inavuja.* (Msomaji atatafuta maji sakafuni, asiyaone, aendelee kuendesha.)
– *Maji ya rejeta yamevujia ndani ya giaboksi kupitia ufa wa kipoza-oili.* (Msomaji atazima injini.)

Kiasi cha kuvuja

*-vuja* haisemi ni kwa kiasi gani. Kiswahili kina vitenzi vya kukamilisha maana hiyo, na si visawe:

-lowa: sehemu ina unyevu wa oili, lakini hakuna tone linaloanguka.
-dondoka, -tona: tone moja moja, hasa gari likiwa limeegeshwa.
-churuzika: mkondo mwembamba unaoonekana.
-tiririka: mkondo usiokatika.
-mwagika: kiasi kikubwa kutoka kwa mara moja, au wakati wa kujaza.

Sili *iliyolowa* yaweza kufuatiliwa kwa kupima oili mara kwa mara. Oili *inayochuruzika* haivumilii safari. Mfasiri akivitumia kiholela, humtisha mwenye gari bure, au humtuliza pasipostahili.

Hukumu iliyomo katika neno

*-vuja* hubeba wazo la kasoro. Maji safi ya kiyoyozi yanayoanguka chini ya gari siku ya joto *yanadondoka*. Hayavuji, kwa kuwa yanapita katika mrija uliowekwa kwa kazi hiyo.

*-vujisha* huongeza mhusika. *Sili inavujisha oili* huonyesha kifaa chenye kasoro; *fundi amevujisha oili* humtwika mtu lawama. Katika hati ya dhamana au madai ya bima, usitumie kauli ya kutendesha ikiwa matini chanzi haikumtaja msababishi.

Mfano wa sentensi kamili

*Oili ya giaboksi, yenye rangi nyekundu, inavuja kutoka katika sili ya shafti ya nyuma. Inadondoka matone machache gari likiegeshwa usiku kucha.*

Sentensi hiyo imetaja kiowevu, chanzo na kiasi. Kama kiowevu kinaingia katika kifaa kingine, ongeza cha nne: mwisho wake, kwa *-vujia*.

Tazama pia: -churuzika, -dondoka, giligili, kauli ya kutendea, kiowevu.