Kinga ya Kidiplomasia na Haki ya Damu: Aliyegongwa na Gari la Ubalozi Nje ya Nchi



Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pemba, mwenye duka Litapunga, wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi. Mdogo wake alisafiri kwa biashara katika nchi jirani. Akivuka barabara, aligongwa na gari la ubalozi wa nchi nyengine na akafariki siku ile ile. Polisi wa kule walisema dereva ni mwanadiplomasia, hashikwi wala hashitakiwi, na baada ya siku chache alikwisha ondoka. Sasa ndugu yetu ameletewa karatasi: atie saini kwa niaba ya familia kwamba wamesamehe na hawana dai lolote, kisha apokee pesa za ubani. Marehemu ameacha mama, mke mjamzito, mtoto wa kiume na mtoto wa kike, wote wako Pemba. Anauliza: je, damu ya mdogo wake imekwenda bure? Na je, atie saini?

Tunaanza na la pili kwa kuwa ndilo lenye haraka. Asitie saini karatasi hiyo kama ilivyo. Tunaijua hali ya mfiwa: amechoka, ana deni la nauli na la kusafirisha maiti, na pesa ziko mbele yake. Lakini haki iliyomo katika karatasi ile si yake yeye.

Dia ya aliyeuawa ni mali ya urithi kama mali nyengine, hugaiwa baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Marehemu ana mtoto wa kiume, kwa hivyo kaka harithi kitu. Mama ana sudusi, mjane ana thumni, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mimba nayo ina haki yake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, mama na mjane wanaweza kupewa mafungu yao, kwani yanajulikana, na mafungu ya watoto yakangojewa mpaka mjane ajifungue, kwa kuwa hakuna ajuaye tumboni mna mmoja au wawili.

Visiwani kwetu bado wapo wanaodhani kwamba kizuka hana chake katika dia, eti hiyo ni ya ukoo wa mume. Sayyidna Umar (RA) naye aliwahi kuona hivyo, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipompa habari kuwa Mtume (SAW) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam ad-Dhibabi katika dia ya mumewe. Umar akaiacha rai yake pale pale.

Ama kusamehe, mrithi aliyebaleghe na mwenye akili zake anaweza kusamehe fungu lake, na ujira wake ni mkubwa. Fungu la yatima halisamehewi na mtu, si ami, si bibi, si mama yake mzazi. Msimamizi kazi yake ni kuichunga mali ya yatima na kuikuza, si kuitoa sadaka. Kwa hiyo saini ya kaka mtu inayofuta madai ya watoto wale haifai kisheria ya dini, na akiitia kwa kujua anabeba dhima yao.

Upande wa pili wapo wanaozikataa pesa zote wakisema hatuli damu ya ndugu yetu. Hili nalo si sawa. Dia imewekwa na Allah mwenyewe katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, kwa aliyeua kwa kukosea, na aya hiyo hiyo inamtaja pia aliyeuawa wa watu wenye ahadi na Waislamu. Kuipokea si kuuza damu. Na ikiwa malipo yatatoka kwa kampuni ya bima ya gari lililogonga, ichukueni bila ya wasiwasi. Anayedai fidia hajakata bima. Anapokea haki yake kutoka kwa aliyekubali kumlipia mkosaji.

Kinga yenyewe ni ipi

Usalama wa mjumbe si jambo lililozuliwa Ulaya. Wajumbe wa Musaylima walipomjia Mtume (SAW) na maneno ya ukafiri, aliwaambia kuwa lau si desturi kwamba wajumbe hawauawi, angewapiga shingo. Hivyo mkataba wa kuwalinda mabalozi ni ahadi, na Muislamu anaamrishwa kutimiza ahadi. Haijuzu kwa familia kwenda kulipiza kisasi kwa mfanyakazi wa ubalozi ule, wala kuchoma gari lao.

Sheria inayofuatwa leo ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961. Kifungu cha 29 kinamkinga mwanadiplomasia asikamatwe, na cha 31 kinamkinga na mashtaka ya jinai, na mengi ya madai, katika nchi aliyopelekwa. Watu husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Kifungu hicho cha 31 kinaendelea kusema kwamba kinga hiyo haimwepushi na mahakama za nchi yake mwenyewe. Cha 32 kinaipa nchi yake uwezo wa kumvua kinga. Cha 41 kinamlazimisha kuheshimu sheria za nchi aliyomo. Kwa hivyo kinga inamzuia hakimu wa kule kumshika. Haisemi kuwa hakukosea, wala haifuti deni.

Tena si kila anayeendesha gari lenye namba za CD ana kinga. Madereva wengi wa balozi ni wenyeji walioajiriwa pale pale, na raia wa nchi husika hana kinga hiyo ila kwa kiasi nchi yenyewe ilichoridhia. Na kama dereva alikuwa afisa wa ubalozi mdogo, yaani konseli, mambo ni mepesi zaidi: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kifungu cha 43, unaruhusu wazi kumdai mahakamani fidia ya ajali ya gari. Ndugu yetu alipokee neno la polisi, lakini aulize kwa maandishi dereva alikuwa nani na ana cheo gani.

Huko Katavi anaona pia magari ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwani makaazi ya Katumba yalipokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972. Hayo yana mkataba wake wa mwaka 1946. Kinga ya watumishi wake wengi ni kwa kazi za shirika tu, Katibu Mkuu anawajibika kuiondoa inapozuia haki kutendeka bila kudhuru maslahi ya shirika, na Umoja unatakiwa uweke njia ya kumaliza madai ya watu.

Yaliyokwisha tokea

Nairobi, Julai 2013, mfanyakazi wa ubalozi wa Marekani aligonga basi dogo la abiria. Mtu mmoja aliuawa, akaacha mke mjamzito, na wengine wanane waliumia vibaya. Mwenye gari aliondoka Kenya na familia yake siku iliyofuata. Tulipoisoma habari ile tulijiuliza mjane yule amwendee nani.

Lakini mlango haufungwi kila mara. Januari 1997 mwanadiplomasia wa Georgia alimuua binti wa miaka 16 mjini Washington. Rais Shevardnadze alimvua kinga, na mahakama ya Marekani ikamfunga. Uingereza, Agosti 2019, kijana wa miaka 19 aliuawa karibu na kambi ya Croughton na gari la mke wa mfanyakazi wa Marekani, naye akarudi kwao. Wazazi hawakutia saini wala hawakunyamaza. Walimshitaki kwa madai huko huko Virginia, na mwaka 2021 wakafikia sulhu. Disemba 2022 alihukumiwa na mahakama ya London miezi minane iliyoahirishwa, akisikiliza kwa video. Adhabu ni ndogo, lakini kosa limeandikwa kuwa ni kosa.

Mfano wa Lahore wa mwaka 2011 tunautaja kwa tahadhari. Mmarekani aliyewapiga risasi watu wawili aliachiwa baada ya warithi kupewa dia ya zaidi ya dola milioni 2, na wengi walishuku kuwa walilazimishwa. Msamaha wa kulazimishwa si msamaha. Mtu wa tatu aliuawa siku ile ile na gari lililokuwa likienda kumsaidia, na dereva wake hakufikishwa mahakamani.

Nani alipe

Katika Sira, Amr bin Umayya aliwaua watu wawili wa Bani Amir bila ya kujua kuwa wana ahadi na Mtume (SAW). Mtume (SAW) hakusema huyo ni mtu wangu hamgusi. Alibeba dia yao. Khalid bin Walid alipokosea kwa Bani Jadhima, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (SAW) alijitenga na kitendo kile mbele ya Mola wake, akampeleka Ali (RA) na mali akalipe damu zote na kila kilichoharibika, hata chombo cha kunywea mbwa, kisha akawaachia kilichobaki. Hapa tunapata msingi wa kuidai dola iliyomtuma dereva, si dereva peke yake.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliona kuwa dereva anabeba madhara anayowafikishia wengine, isipokuwa kama kisababishi ni nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la mgongwaji mwenyewe, au la mtu wa tatu. Ndiyo maana ripoti ya polisi na ya daktari ni muhimu kuliko maneno ya msibani. Kinga haiwazuii polisi kuandika ripoti.

Na kwa vijana wetu wanaofanya kazi katika balozi zetu huko nje: ukiua mtu kwa gari kwa uzembe wako, kinga itakutoa uwanja wa ndege. Haitakutoa katika kafara, nayo ni kufunga miezi miwili mfululizo kwa kuwa watumwa wa kuacha huru hawapo leo. Kafara iko juu ya muuaji mwenyewe. Hailipwi na wizara.

Basi ndugu yetu airudishe karatasi pamoja na orodha ya warithi wote, ajulishe kwamba mama na mjane watajisemea wenyewe, na haki ya watoto itasimamiwa na Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hapa Zanzibar. Akate nakala ya ripoti ya ajali, atafute jina la kampuni ya bima ya gari lile, na apeleke barua kwa ubalozi wa Tanzania katika nchi ile na kwa Wizara ya Mambo ya Nje, akiomba dereva avuliwe kinga au nchi yake ilipe. Wakitaka kutoa ubani, apokee kwa stakabadhi isemayo ubani tu. Sulhu ya dia, kwa kiasi watakachoridhiana warithi, ije katika karatasi nyengine, baada ya mjane kujifungua.

Wallahu a'lam.