Meli za Lualaba na Reli ya Kamina

Kamina haina bandari, lakini historia ya meli za mto Lualaba haikamiliki bila kuutaja mji huu.

Meli hizo zilikuwa za CFL, kampuni aliyoianzisha tajiri wa Ubelgiji Édouard Empain mwaka 1902. Palipo na maporomoko ilitandika reli. Palipo na maji tulivu ilipitisha meli. Reli ya Kisangani hadi Ubundu ilimalizika 1906, ikafuata ya Kindu hadi Kongolo, na 1915 ile ya Kabalo ikafika ziwa Tanganyika, palipo Kalemie ya leo. Kutoka Bukama hadi Kabalo njia ilikuwa mto wenyewe, na meli zilipita Kinkondja, Malemba-Nkulu na Mulongo.

Mwaka huo huo wa 1915 Waingereza, wakitaka kuwapokonya Wajerumani ziwa hilo, walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Treni ilizifikisha Fungurume. Kutoka hapo matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu vilizivusha milima ya Mitumba hadi Sankisia, treni ndogo ikazifikisha Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na mwezi Oktoba zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 Waingereza wakaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Sifa zote alipewa kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson. Haki ni kuanza na wenyeji waliofyeka msitu, waliojenga madaraja, na wanawake waliobeba maji vichwani ili matrekta yale yasizimike njiani.

Upande wa kusini ilikuwepo kampuni nyingine, BCK, iliyoundwa 1906. Treni zake zilifika Bukama 1918, kisha zikaelekea kaskazini-magharibi zikipitia Kamina, hadi Ilebo mwaka 1928. Kamina ikakua pamoja na stesheni yake. Hata hivyo mzigo wa kwenda Kalemie bado ulishushwa Bukama na kupakiwa melini.

Mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo ilifunguliwa. Njia za CFL zilikuwa na upana wa milimita 1,000, za BCK milimita 1,067, kwa hiyo zile za CFL za upande wa Kabalo zilipanuliwa ili behewa lipite moja kwa moja. Kamina ikawa njia panda ya Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, na meli za Bukama zikapoteza mzigo wake mkubwa. Kwangu mimi, huo ndio mwaka uliobadili maisha ya bonde lote la juu la Lualaba: vijiji vya mtoni, vilivyozoea kuona dunia ikipita mbele ya milango yao, viliachwa kando ya njia.

Baada ya hapo ni majina yaliyobadilika. BCK ikawa KDL. 1974 serikali ya Zaire ikaunganisha kampuni za reli na vyombo vya majini kuwa SNCZ. Miaka ya tisini usimamizi ukakabidhiwa Sizarail, iliyoshirikiana na Waafrika Kusini. 1997 ikawa SNCC, jina lililoko hadi leo. Treni zikapungua, nazo zikachelewa.

Mtoni watu hawakungoja. Wafanyabiashara walijenga mashua zao za mbao, mabaleniere, wakayatia injini, na ndiyo yanayobeba samaki wakavu, mahindi na abiria kati ya Bukama na vijiji vya chini.